SABATO YA MAYAHUDI NA UHAI WA MTU
Somo kwa wanaoswali Ijumaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.



Mnalijua jambo lililotokea msikitini kwetu mwezi uliopita. Khatibu akiwa juu ya mimbari, mtoto mmoja alifika mlangoni akamwita kwa ishara ndugu yetu mmoja motari. Mama jirani alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi tangu usiku, mambo yalikuwa yameharibika, na walitafuta mtu wa kumfikisha maternite upesi. Ndugu yetu alielewa, lakini aliogopa. Alikuwa amefundishwa kwamba anayesema wakati wa hotuba amepoteza fadhila ya Ijumaa yake, na kwamba kuacha Ijumaa ni jambo zito. Akamwonyesha mtoto mkono: ngoja. Akakaa mpaka imamu alipotoa salamu, ndipo akatoka mbio. Mama yule alipona, alhamdulillahi. Mtoto wake hakupona.

Hatusemi kwamba ndugu huyu angalitoka mapema mtoto angaliishi. Ajali ya kila nafsi iko kwa Mola wake. Lakini siku ya Jumapili alikuja kwangu, uso umemshuka, akaniuliza: «Mwalimu, nilifanya vizuri ao nilifanya vibaya?»

Kabla sijamjibu, swali lilikuwa limekwisha kuzunguka barazani. Wengine walimlaumu, wengine walimsifu kwa uchaji Mungu. Na mzee wetu mmoja, mtu wa heshima, akaleta hoja hii: «Waangalieni Mayahudi. Siku yao ya Sabato hawagusi moto, hawapandi gari, hata mtu akiwa anakufa hawaivunji. Ikiwa wao wanashika siku yao namna ile, sisi tutaiachaje Ijumaa kwa sababu ya pikipiki?» Hoja hiyo iliwapendeza wengi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu mkononi. Tangu siku ile nimesoma, na leo nawaletea nilichokipata. Pamoja na heshima yote kwa mzee wetu, hoja yake haisimami. Sheria ya Mayahudi inasema kinyume chake, na inasema kwa ukali kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Najua baadhi yenu mtauliza: kwa nini tupoteze karatasi ya Ijumaa kwa mambo ya Mayahudi, wakati habari za Palestina zinatuumiza kila siku? Ndugu zangu, Suratul Maida aya ya 8 inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Kumsingizia mtu sheria isiyo yake ni kumdhulumu. Tena hapa tumejidhulumu sisi wenyewe, kwa kuwa tumechukua uzushi juu ya Mayahudi tukaufanya dalili katika dini yetu.

Fikira hii imetoka wapi? Nadhani imetoka katika Sira. Ibn Ishaq anasimulia habari za Mukhayriq, mwanachuoni wa Kiyahudi wa Madina, siku ya vita vya Uhudi mwaka wa 3 wa Hijra. Ilikuwa Jumamosi. Aliwaambia jamaa zake kwamba wanajua ni wajibu wao kumsaidia Muhammad (s.a.w.). Wakamjibu kwamba leo ni Sabato. Akawaambia hawana Sabato, akachukua upanga wake, akaenda kupigana mpaka akauawa, na mali yake aliusia iwe ya Mtume. Tunaposoma kisa hiki tunawakumbuka waliokaa nyumbani, tunasema: hiyo ndiyo sheria yao. Kumbe aliyeifahamu sheria yao vizuri ni yule aliyetoka na upanga, kama mtakavyoona.

NJIA WANAYOITEMBEA

Mayahudi wanaiita sheria yao halakha, neno linalotoka katika kutembea. Sisi tunasema sharia, na maana yake ya asili katika Kiarabu ni njia ya kwenda kwenye maji. Lugha hizi mbili ni ndugu, na dini hizi mbili zinafanana katika jambo hili: si imani ya moyo tu, bali ni njia ya kula, kuoa, kuuza, kuswali, kuzika.

Msingi wao ni Taurati ya Nabii Musa (a.s.). Wanavyuoni wao wamehesabu ndani yake amri 613: za kutenda 248, na za kukataza 365. Lakini pamoja na Taurati iliyoandikwa wanaamini kuna Taurati ya mdomo, yaani mafafanuzi yaliyopokewa kwa walimu kizazi baada ya kizazi. Karibu na mwaka 200 mwalimu wao Yehuda, aliyeitwa Mkuu, aliyakusanya katika kitabu kinachoitwa Mishna. Baadaye wanavyuoni wa nchi ya Babeli, ndiyo Irak ya leo, waliijadili Mishna neno kwa neno katika vyuo vyao vya Sura na Pumbedita (Pumbedita ilikuwa karibu na mji wa Fallujah wa sasa). Majadiliano hayo ndiyo Talmudi. Mtu anayejua uhusiano wa Kur'ani, Hadithi na vitabu vya fiqhi hatapotea akiingia humo, ingawa si kitu kimoja na kwetu.

Wana pia mafatwa. Mtu wa mji wa mbali alimwandikia mwanachuoni mkubwa swali, naye akajibu kwa barua, na barua hizo zikakusanywa kuwa vitabu. Mkubwa wao mmoja ni Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba katika Andalusi, akahamia Misri, akafa huko mwaka 1204. Alikuwa tabibu katika baraza la watawala wa zama za Salahuddin Ayyubi. Vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiarabu, ila kitabu chake kikubwa cha sheria alikiandika kwa Kiebrania. Halafu katika karne ya 16 Yosef Karo wa mji wa Safad aliandika muhtasari wa sheria, ukapigwa chapa Venice mwaka 1565, na mpaka leo ndio unaotangulia kufunguliwa mtu akitafuta hukumu. Wazee wetu waliofanya kazi Katanga wanalikumbuka sinagogi la Lubumbashi na Mayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Vitabu vilivyowaongoza watu wale ndivyo hivi.

Wanahitilafiana, tena sana. Zamani walikuwa na madhehebu mbili, ya Hillel na ya Shammai. Talmudi inasema maneno ya wote wawili yana haki mbele ya Mungu, lakini hukumu inafuata wa Hillel. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wapole, na walipofundisha walianza kutaja maneno ya wapinzani wao kabla ya kutaja yao. Na kuna kisa kingine ambacho nakitaja kwa ajili ya wale wanaogombana kila mwaka juu ya mwezi wa Ramadhani. Zamani Mayahudi walianza mwezi kwa ushahidi wa macho kama sisi. Mara moja mkuu wao Gamlieli alikubali mashahidi ambao mwanachuoni mwenzake Yehoshua aliwakataa. Gamlieli akamwamuru aje kwake na fimbo yake na mfuko wake wa fedha, siku ileile ambayo kwa hesabu ya Yehoshua ilikuwa siku yao kuu ya kufunga. Ilikuwa vigumu kwake, lakini alikwenda. Gamlieli alisimama akambusu kichwani. Turudi kwenye somo letu.

UGUMU WA SABATO

Mzee wetu hakukosea aliposema kwamba Sabato ni ngumu. Tangu jua la Ijumaa kutua mpaka usiku wa Jumamosi, Mishna inakataza kazi 39, ambazo wanavyuoni wamezitoa katika ujenzi wa hema la ibada la wakati wa Musa: kulima, kupanda, kuvuna, kusaga, kukanda unga, kuoka, kusuka, kushona, kufunga fundo na kulifungua, kuandika hata herufi mbili, kufuta, kujenga, kubomoa, kuwasha moto, kuuzima, kubeba kitu kutoka nyumbani kwenda njia kuu, na nyinginezo. Leo anayeshika Sabato habonyezi taa ya umeme, haendeshi gari, hapigi simu.

Juu ya hayo wakaongeza ua. Walimu wao wa zamani waliusiana kuizungushia Taurati ua, yaani kukataza hata kinachokaribia haramu ili mtu asiifikie haramu yenyewe. Nyundo na fedha hazishikwi siku ile, kwa kuwa aliyezishika yuko karibu kupiga na kununua. Katika usuli wetu jambo hili tunaliita kuziba njia. Hata hivyo wanatofautisha vizuri: hii ni amri ya Taurati, hii ni amri ya wanavyuoni. Wakiwa na shaka katika amri ya Taurati wanachukua upande mgumu, na katika amri ya wanavyuoni wanachukua upande mwepesi.

Hapo ndipo mtu anayeangalia kwa mbali anakwama. Anaona ua mrefu, anadhani ndani yake hakuna mlango.

Ni kweli kwamba zamani sana walikuwako waliofikiri hivyo. Katika karne ya 2 kabla ya Nabii Isa (a.s.), mfalme wa Kigiriki wa Shamu aliwatesa Mayahudi ili waache sheria yao. Kundi moja lilikimbilia mapangoni jangwani. Askari wakawashambulia siku ya Sabato, nao hawakurusha hata jiwe, hawakuziba hata tundu la pango. Walikufa wanaume, wake na watoto, kiasi cha watu 1000. Habari zilipomfikia Matatia na wenzake waliokuwa wakipigana na mfalme huyo, waliomboleza, kisha wakakaa shauri: tukifanya kama ndugu zetu hatutabaki hata mmoja juu ya ardhi. Wakaamua kwamba akija adui siku ya Sabato watajitetea. Kwa hiyo swali la ndugu yetu motari si geni. Watu walilipia jibu lake kwa damu, miaka zaidi ya 700 kabla Mtume wetu hajazaliwa.

NEFESH NI NAFSI

Kanuni iliyotoka huko wanaiita pikuah nefesh, yaani kuokoa nafsi. Sikilizeni neno lenyewe: nefesh yao ndiyo nafsi yetu. Kanuni inasema kwamba uhai wa mtu ukiwa hatarini, Sabato inasogezwa pembeni, na kufunga kunasogezwa, na karibu amri zote zinasogezwa.

Wanavyuoni wao waliitafutia dalili. Talmudi inasimulia kwamba walimu kadhaa walikuwa njiani wakitembea, wakaulizana: tunajuaje kwamba kuokoa nafsi kunatangulia Sabato? Mmoja akatoa dalili ya tohara. Mtoto wao hutahiriwa siku ya nane hata ikiwa ni Sabato. Basi ikiwa kiungo kimoja kinaisogeza Sabato, mwili mzima si zaidi? (Wanafunzi wa usuli watakuwa wameitambua qiyasi hii.) Mwalimu mwingine alisema: ivunje Sabato moja kwa ajili ya mtu huyu, ili apate kuzishika Sabato nyingi. Lakini dalili waliyoiona kuwa na nguvu zaidi ni ya Samweli wa Babeli. Alikwenda kwenye Taurati yenyewe, pale Mungu anapowaambia Wana wa Israili wazishike amri ambazo mtu akizitenda ataishi kwazo. Samweli akasema maana yake ni aishi kwazo, asife kwazo.

Sasa mama mwenye uchungu. Mishna inamtaja waziwazi. Inasema mwanamke azalishwe siku ya Sabato, mkunga aitwe hata kutoka mji mwingine, na Sabato ivunjwe kwa ajili yake. Talmudi inaingia ndani zaidi. Inauliza: inaruhusiwa kumwashia taa? Ndiyo. Je, akiwa kipofu, taa haimfaidishi kitu? Hata akiwa kipofu. Kwa sababu moyo wake utatulia akijua kwamba wanawake walio pamoja naye wanaona, na akihitaji kitu watakipata. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo. Kuwasha moto ni katika makatazo makubwa kabisa ya Sabato, yametajwa katika Taurati kwa neno wazi, na wao wanawasha kwa ajili ya utulivu wa moyo wa mama asiyeona.

Na shaka? Tumesema kwamba katika amri ya Taurati shaka linakwenda upande mgumu. Kwenye uhai limegeuzwa. Ukuta ukimwangukia mtu siku ya Sabato, na hawajui kama yumo au hayumo, yuko hai au amekufa, Mishna inasema wachimbe. Mgonjwa siku ya kufunga kwao akisema anahitaji chakula, analishwa, hata wakija matabibu 100 wakasema hahitaji, kwa kuwa moyo wa mtu ndio unaojua maumivu yake. Kinyume chake pia: tabibu akisema anahitaji na mgonjwa akajifanya jasiri, tabibu ndiye anayesikilizwa. Mwaka 1848 kipindupindu kilipouingia mji wa Vilna, mwanachuoni wao Yisrael Salanter aliwaruhusu watu wale chakula siku yao kuu ya kufunga ili miili isidhoofike. Sisi tunaoijua kolera katika nchi hii tunaelewa alichokuwa akikiona.

Nani aivunje Sabato? Mtu angefikiri atafutwe mtoto, au mtu wa dini nyingine, ili Myahudi mwenyewe abaki safi. Musa bin Maimun anakataa. Anasema jambo hili lisifanywe na watoto wala wasio Mayahudi, bali na wakubwa wa Israili na wanavyuoni wao, ili watu wasidhani kwamba Sabato ni jambo jepesi. Anaongeza kwamba hukumu za Taurati hazikuja kuulipiza kisasi ulimwengu, zimekuja kwa rehema na amani. Fikirini maana yake hapa kwetu: mtoto alipofika mlangoni, kwa sheria yao anayestahili kusimama wa kwanza ni imamu.

Na liko neno moja lililonichoma zaidi ya yote. Wanasema anayeharakisha kuokoa siku ya Sabato anasifiwa. Anayekwenda kwanza kuuliza kama inaruhusiwa ni kama anayemwaga damu. Na Talmudi ya Yerusalemu inamtaja mtu wa tatu: mwanachuoni anayeulizwa naye ni wa kulaumiwa. Kwa nini alaumiwe, naye hakufanya kitu? Kwa sababu hiyohiyo. Ilikuwa wajibu wake awe amewafundisha watu mapema, wasiwe na haja ya kuja kuuliza mtu akiwa anakata roho.

Kanuni hii ina mipaka. Wanavyuoni wao walikutana katika chumba cha juu cha nyumba moja huko Lod wakaamua kwamba mambo matatu mtu afe kuliko kuyatenda: kuabudu masanamu, zinaa na maharimu au mke wa mtu, na kuua. Katika la kwanza sisi tumepewa wepesi ambao wao hawana: Ammar bin Yasir (r.a.) alitamka neno la kufuru chini ya mateso, moyo wake ukiwa umetulia katika imani, na Suratun Nahl aya ya 106 ikamtoa lawamani. Katika la tatu tuko pamoja. Mtu mmoja alikwenda kwa mwalimu Rava akamwambia kwamba mkubwa wa mji wake amemwamuru amuue fulani, la sivyo atauawa yeye. Rava akamwambia akubali kuuawa asiue: nani alimwambia kwamba damu yake ni nyekundu kuliko ya mwenzake? Wanavyuoni wetu nao wanasema mwenye kulazimishwa haruhusiwi kuua asiye na hatia ili ajiokoe. Katika nchi hii, ambamo watoto wamepewa bunduki na kuelekezewa bunduki, sina la kuongeza.

Tusifiche pia sehemu iliyo na ugumu. Vitabu vyao vya kale viliiweka ruhusa ya kuvunja Sabato kwa ajili ya Mwisraeli, na juu ya mtu wa mataifa mengine walijadiliana muda mrefu. Wanavyuoni wa baadaye wameruhusu, kwa hoja ya kuepusha uadui na ya kutafuta amani kati ya watu, na leo daktari Myahudi anayeshika Sabato humtibu kila mgonjwa anayeletwa mbele yake. Mishna yao ina maneno mashuhuri kwamba anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu, na anayeokoa nafsi moja ni kama ameuokoa ulimwengu. Katika baadhi ya nakala imeandikwa nafsi moja ya Israili, katika nyingine nafsi moja tu. Mwenyezi Mungu katika Suratul Maida aya ya 32 anatujulisha kwamba jambo hili aliwaandikia Wana wa Israili, na Kur'ani inataja nafsi bila kutaja kabila lake.

TURUDI MSIKITINI KWETU

Fiqhi yetu inasema nini? Ndugu, tulikuwa nayo siku zote.

Suratul Jumua aya ya 9 inatuamuru tuache biashara inaponadiwa swala. Motari anayebeba abiria kwa franga wakati wa adhana ameacha amri hii. Kumpeleka mama anayekufa si biashara. Bukhari anapokea kwamba Abdullahi bin Umar (r.a.) aliambiwa siku ya Ijumaa kwamba Said bin Zayd, mmoja wa watu wa Badri, ni mgonjwa. Alipanda mnyama wake, jua limekwisha kupanda na Ijumaa imekaribia, akaenda kwake akaiacha Ijumaa. Na hii ni Ibn Umar, aliyejulikana kwa kufuata sunna hatua kwa hatua.

Maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii wametaja kumuuguza mgonjwa katika nyudhuru za kuacha Ijumaa. Juu ya kusema wakati wa hotuba, wanapiga mfano wa mtu anayemwona kipofu anakaribia kutumbukia kisimani: huyo si kwamba anaruhusiwa kusema, ni wajibu aseme. Shehe Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijra, anafundisha kwamba kuwaokoa wanaozama kunatangulizwa mbele ya swala, kwa kuwa swala inaweza kulipwa, na aliyezama halipwi. Anasema hivyohivyo juu ya mwenye saumu ambaye hawezi kumwokoa mtu bila kufungua.

Tena kuna hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.). Mtu mmoja safarini alipigwa na jiwe kichwani, akajeruhiwa. Kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni kuwa na ruhusa, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza.

Basi Mtume wetu anatuambia tuulize, na Mayahudi wanamlaumu anayeuliza. Je, kuna mgongano? Sioni. Kuuliza ni leo, tukiwa tumekaa na karatasi mkononi. Mtoto akifika mlangoni muda wa kuuliza umekwisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa ndugu yetu ni hili, na ninaliandika hadharani kwa idhini yake. Ilikuwa wajibu wako utoke. Ungetoka katikati ya hotuba, ungetoka hata katikati ya rakaa, usingepata dhambi, na adhuhuri yako ungeiswali ulipofika. Lakini ulikaa kwa kumwogopa Mwenyezi Mungu, ukifuata ulichofundishwa, naye ndiye anayejua nia. Waliokufundisha kunyamaza wakati wa hotuba bila kukufundisha lini usimame ndio sisi. Mimi nimesomesha mlango wa Ijumaa msikitini humu miaka mingi, na ule mlango wa nyudhuru nilikuwa nauruka, nikiogopa kwamba watu watautumia kwa uvivu. Mtu wa tatu katika maneno ya Talmudi ya Yerusalemu ni mimi.

Komite ya msikiti imekubaliana hivi, kuanzia Ijumaa hii. Ndugu wenye pikipiki na gari watakaa safu ya nyuma karibu na mlango wa upande wa barabara, na vyombo vyao viegeshwe vikiangalia njia. Hilo halipunguzi thawabu zao. Mzee mmoja atakaa nje ya mlango kila Ijumaa kwa zamu. Mtu yeyote, Mwislamu au jirani Mkristo, akija na haja ya mgonjwa, amwambie yeye, naye ataingia na kumgusa dereva begani. Wanawake wana mlango wao, na mama mmoja atafanya kazi hiyohiyo upande wao. Khatibu ameombwa asikatize hotuba wala asimtazame anayetoka. Kutakuwa na sanduku dogo la mafuta ya pikipiki; asiombwe mgonjwa franga mlangoni. Wanaotaka kujiandikisha katika zamu wamwone katibu baada ya swala.

Wabillahi tawfiq.
Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.